Barua ya wazi kwa walinzi wa barua za Maria Edgeworth

Kwa wakuu wa Maktaba ya Taifa ya Ireland, Kildare Street, Dublin;
Kwa wakuu wa Maktaba ya Bodleian, Oxford;
Na kwa kila msimamizi wa hifadhi, awe Ireland, Uingereza au Marekani, mwenye barua aliyoandika Maria Edgeworth au aliyoandikiwa.

KUH: KUZIKUTANISHA BARUA NA MAJIBU YAKE

Waheshimiwa mabibi na mabwana,

Mimi ni mwalimu wa fasihi katika kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya. Niko miongoni mwa watu wa kujitolea wanaonakili kwa njia ya mtandao barua za mwandishi wenu wa Edgeworthstown. Tunaletewa picha ya karatasi, tunaikodolea macho, tunaichapa neno kwa neno. Nawashukuru waliobuni kazi hiyo, na nashukuru zaidi kwamba hatutozwi chochote kuzitazama picha. Ila kadiri ninavyonakili ndivyo ninavyozidi kujiona kama mtu aliyeketi ndani ya matatu karibu na abiria anayeongea na simu: namsikia akiuliza, akicheka, akikasirika, na wa upande wa pili simsikii.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Barua alizoandika na barua alizoandikiwa ziwekwe pamoja mbele ya msomaji, zikiwa nzima, kila mmoja wenu akitoa alichonacho.

Kwa kuwa barua hii ni ya wazi, na huku kwetu wengi hawajawahi kulisikia jina hili, niruhusuni nimtambulishe. Maria Edgeworth alizaliwa Uingereza tarehe 1 Januari 1768. Mwaka 1782 babake, Richard Lovell Edgeworth, alirudi kusimamia ardhi ya ukoo huko Longford katikati ya Ireland, akaja naye. Baba huyo alioa mara nne akapata watoto 22. Maria akawa karani wake wa kodi na hesabu, mwalimu wa wadogo zake, na hatimaye mwandishi aliyesomwa kote Ulaya. Walter Scott alikiri kwa maandishi mwaka 1814 kwamba alitamani kuifanyia Scotland yale ambayo Maria alikuwa ameifanyia Ireland. Hakuolewa. Alifariki nyumbani kwao Edgeworthstown Mei 1849, akiwa na umri wa miaka 81.

Kitabu chake cha kwanza kilitokana na barua ya mtu mwingine. Akiwa bado msichana alitafsiri kitabu cha Madame de Genlis kutoka Kifaransa, lakini tafsiri ya mtu mwingine ikawahi sokoni na yake ikabaki kabatini. Rafiki mkubwa wa babake, Thomas Day, akaandika kumpongeza baba kwa kuepukana na balaa, kwani kwake yeye mwanamke kutoa kitabu ilikuwa aibu tupu. Day alifariki mwaka 1789. Mwaka 1795 Maria akatoa Letters for Literary Ladies, na humo bwana mmoja anamwandikia rafiki yake aliyejaliwa binti, akimwonya asije akamsomesha kupita kiasi, na rafiki anamjibu kwa nini binti lazima asome. Ugomvi wa sebuleni kwao ukapelekwa London kuuzwa.

Wapo wanaomlaumu kwa kuwa wanaobishana kitabuni ni wanaume wawili, naye binti mwenyewe yuko susuni. Mimi simlaumu. Naona mtu aliyejua vizuri ni sauti ya nani inayosikilizwa mwaka ule, akaiazima. Na ndiyo maana natamani kuiona barua ya Day ikiwa bega kwa bega na hicho kitabu, mwanafunzi wangu wa kidato cha nne aone mwenyewe jinsi maneno ya mzee yalivyogeuzwa yakamrudia.

Sasa niwaeleze ninachokiona ninapofungua picha moja. Hadi mwaka 1840, aliyepokea barua ndiye aliyelipa, na bei ilitegemea umbali na idadi ya karatasi. Karatasi ya pili ilikuwa gharama ya pili. Basi Maria alijaza ukurasa kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akaugeuza ubavu na kuandika tena juu ya yale yale, mistari ikapishana kama wavu. Bahasha hazikutumika, karatasi ilikunjwa, anwani ikaandikwa mgongoni, ikafungwa kwa lakiri. Mpokeaji alipoifungua, lakiri iling'oa kipande cha karatasi na maneno mawili matatu yakaenda nayo. Mahali hapo sisi tunaandika kwenye mabano kwamba karatasi imechanika, tunaendelea. Mara nyingine nimekaa na tundu kama hilo mpaka chai ikapoa, nikibashiri, na mpaka leo nashuku kwamba jibu la barua hiyo lingeniambia neno lililopotea. Mtu anapojibu hurudia alichoulizwa.

Mfano ninaoupenda ni wa Desemba 1802. Familia ilikuwa Paris. Maria alikuwa anamwandikia shangazi yake, Margaret Ruxton wa Black Castle, ambaye ndiye msiri wake wa maisha yote. Katikati ya barua anakatizwa. Anaporudi kwenye karatasi anamweleza shangazi kwamba ameingia Abraham Edelcrantz, bwana mmoja wa Sweden mwenye cheo katika utumishi wa mfalme, naye amemposa. Anaeleza kwa utulivu wa kustaajabisha kwamba anamheshimu na kumshukuru, lakini hawezi kuiacha nchi yake na jamaa zake kwenda kuishi Sweden. Ukiishia hapo utasema mwanamke huyu moyo wake ni barafu. Lakini mama yake wa kambo wa mwisho, Frances, aliandika baadaye kwamba Maria alimpenda sana yule bwana, na kwamba aliteseka kwa muda mrefu. Ipi ni kweli? Nadhani zote mbili, na nadhani Shangazi Ruxton aliijua ile ya pili kwa kusoma ile ya kwanza. Alijibu nini? Kama jibu lake lilisalia, liko kwenye sanduku la nani kati yenu?

Frances huyo huyo ndiye aliyeshika mkasi. Mwaka 1867 familia ilichapisha kumbukumbu za Maria na barua zake, nakala chache za kugawiwa jamaa na marafiki. Mwaka 1894 Augustus Hare akaziandaa kwa ajili ya umma. Kwa miaka mingi huyo wa 1894 ndiye Maria ambaye dunia ilimjua: binti mtiifu, shangazi mcheshi, mgeni mwema kwenye nyumba za wakubwa. Mwaka 1971 Christina Colvin alitoa barua za safari za Uingereza zikiwa na nyama zaidi, na mwaka 1972 Marilyn Butler akaandika wasifu uliotokana na makaratasi yenyewe, ndipo watu wakaanza kumwona mtu mwenye hasira, hofu na hesabu zake. Siwalaumu jamaa waliokata. Kila ukoo huwa na yanayosemwa mezani na yasiyosemwa. Lakini msomaji wa leo anayekutana na maandishi ya 1894 mtandaoni, bure, kwa kubofya mara moja, hana alama yoyote ya kumwonyesha wapi mkasi ulipita. Ninaomba alama hizo ziwepo, matini ya Hare upande huu, karatasi upande ule, na kilichoachwa kikiwa na rangi yake.

Kuna barua moja inayonihusu zaidi kama Mwafrika. Katika riwaya yake Belinda ya mwaka 1801 kuna Juba, mtumishi mweusi aliyeletwa kutoka Jamaica, ambaye anamwoa Lucy, msichana Mwingereza wa shambani. Wanaoana tu, bila tamthilia. Katika toleo la 1810 Juba hamwoi tena. Lucy amepewa mume mwingine, Mwingereza mwenzake. Toleo hilo lilikuwa la mfululizo wa riwaya ulioandaliwa na Anna Letitia Barbauld, mshairi na mtetezi wa kukomeshwa kwa biashara ya utumwa. Tungeweza kumsingizia yeye, au mchapishaji. Lakini Maria alimwandikia Barbauld akieleza kwamba babake ana wasiwasi wa dhamiri kuhusu kuhimiza ndoa za namna hiyo. Kwa hiyo tunajua kalamu iliyofuta ilisukumwa na nani, na tunajua kwamba binti aliyewahi kuandika utetezi wa akili ya mwanamke alitii. Sentensi moja ya barua imetuambia zaidi ya utangulizi wowote wa riwaya hiyo niliowahi kuusoma.

Barbauld huyo huyo mwaka 1804 aliukataa mpango wa Edgeworth wa kuanzisha gazeti la kuandikwa na wanawake. Alijibu kwamba waandishi wanawake hawaunganishwi na jinsia yao, kama vile waandishi wanaume wasivyounganishwa na ya kwao. Ni jibu kali, na lina hoja; hadi leo kwenye mikutano ya waandishi wanawake hapa Nairobi utasikia mabishano hayo hayo, ila kwa maikrofoni. Makaratasi mengi ya ukoo wa Barbauld yaliungua London mwaka 1940 kwenye mashambulizi ya mabomu. Wanaosema kuskani kunaweza kusubiri bajeti ya mwaka ujao walifikirie hilo.

Nikitaja mazungumzo yaliyosalia pande zote mbili, lazima nimtaje Rachel Mordecai. Mwaka 1815 mwalimu huyu kijana, Myahudi wa North Carolina, alimwandikia Maria bila kujuana naye. Alikuwa ametumia vitabu vya Edgeworth kufundishia, na alitaka kujua: mwandishi anayewafunza watoto haki na huruma, mbona Wayahudi wa riwaya zake karibu wote ni walaghai? Katika The Absentee, iliyotoka mwaka 1812, fundi magari mbaya amepewa hata jina la Mordicai. Maria hakununa. Mwaka 1817 akatoa Harrington, riwaya ya kujaribu kulipa deni hilo. Rachel akaisoma, akashukuru, na bado akawa na la kulalamikia, kwa sababu yule binti Myahudi anayependwa na shujaa mwishoni anagundulika kuwa Mkristo wa kuzaliwa. Waliandikiana mpaka Rachel alipofariki mwaka 1838, na mazungumzo yao yamechapishwa pamoja, swali na jibu.

Ndiyo maana tunayaelewa. Tunamwona msomaji akimbadilisha mwandishi. Na tunaona pia giza la Rachel mwenyewe, mwanamke aliyedai haki kwa watu wake kutoka kwenye nyumba iliyohudumiwa na watumwa. Barua zake peke yake au za Maria peke yake zisingetufikisha hapo.

Vivyo hivyo kwa David Ricardo, mwanauchumi, ambaye Maria alijadiliana naye kuhusu viazi mwaka mmoja kabla Ricardo hajafa mwaka 1823. Je, ni busara wananchi maskini kuishi kwa kiazi peke yake? Ricardo aliogopa kwamba anayekula chakula cha bei ya chini kuliko vyote hana pa kushukia kikikosekana. Barua hizo tunazisoma kwa urahisi kwa sababu ziko ndani ya maandiko ya Ricardo, yaliyokusanywa kwa uangalifu mkubwa. Mwanauchumi mwanamume alipata juzuu zake mapema. Mwanamke aliyemwuliza swali bado anatafutwa sanduku kwa sanduku.

Mwaka 1845 ugonjwa wa viazi ukaingia Ireland. Maria alikuwa na miaka 77. Hapa barua zake zinabadilika kabisa. Majina ya wakubwa yanapungua, unga, supu na mbegu vinaongezeka. Aliandika kwa kamati ya msaada ya Marafiki (Waquaker) iliyokuwa Dublin, akiomba msaada wa kuwapa watu kazi na si chakula tu. Hapo nilisimama kidogo, maana mimi nimelelewa katika Kanisa la Marafiki. Wamisionari wa dhehebu hilo walifika Kaimosi, karibu na kwetu, mwaka 1902, na leo hakuna nchi duniani yenye Marafiki wengi kuliko Kenya. Bibi yangu angewatambua watu wale wa Dublin kwa namna yao ya kuandika hesabu. Kutoka Boston kulitoka mapipa 150 ya unga, kwa anwani ya Bi. Edgeworth kwa ajili ya maskini wake. Wapagazi walioyabeba walikataa malipo, naye akawafumia kila mmoja skafu ya sufu kwa mikono yake.

Hadithi ya skafu inasimuliwa kila mahali. Isiyosimuliwa sana ni kwamba Maria alikuwa kabaila, na alijua hivyo. Aliyaendesha mashamba yale kwa miaka mingi baada ya kaka yake Lovell kuyaingiza kwenye madeni. Mwaka 1835 wapangaji wa ardhi yao walipowafuata mapadri wao kwenye uchaguzi badala ya kuifuata familia, aliumia, na katika barua zake unamwona akihangaika kati ya kuwahurumia na kutaka watii. Mwaka 1834 alikuwa amemwandikia mdogo wake aliyekuwa India kwamba haiwezekani tena kuichora Ireland katika riwaya, kwa kuwa watu wana hasira mno kutazama nyuso zao kwenye kioo. Nadhani kioo hicho kilimtisha yeye pia. Hakuandika tena riwaya yoyote kubwa kuhusu Ireland.

Sasa, wale wapangaji. Ndani ya barua kuna watu wanaotajwa kwa jina moja tu, au kwa kazi tu: mpishi, mlezi, mwanamke aliyekuja na ombi mlangoni, mtu anayedaiwa kodi ya nusu mwaka. Orodha za hifadhi kwa desturi huwataja mabwana na mabibi walioandikiana. Ninaomba na hawa waingizwe kwenye faharasa, kila mmoja na ukurasa alipotokea. Kwa wazao wao walioko Longford, au Boston, huenda huo ndio mstari pekee ambao ukoo wao umeacha kwenye karatasi. Mwaka 1798, Wafaransa walipotua na uasi ukafika Longford, Maria na jamaa zake walikimbia nyumba, na waliporudi wakaikuta salama. Wao wenyewe walisimulia kwamba iliokolewa na mmoja wa waasi aliyekumbuka wema wa mtunza nyumba wao. Mtunza nyumba ndiye aliyeiokoa, basi naye awe na mlango wake wa kuingilia kwenye orodha.

Najua kuna pingamizi zito, na nisilikwepe. Maria aliacha maagizo kwamba asiandikwe wasifu na barua zake zisichapishwe. Alishasema kwamba maisha yake, kwa kuwa ni ya mwanamke na yote yamepita nyumbani, hayana cha kuuvutia umma. Mimi nilifunzwa kuheshimu wasia. Lakini wasia huu ulishavunjwa na jamaa zake waliompenda, mwaka 1867 kwa kificho na mwaka 1894 waziwazi, na kilichotoka ni nusu iliyochaguliwa. Kuiacha hapo ni kuuvunja wasia na papo hapo kumsingizia marehemu. Tena ile sababu yake ya kwamba ya nyumbani hayana maana ndiyo sababu ambayo wanawake wa leo hawawezi kuikubali, hata ikitoka kinywani mwake. Hesabu za unga, mafunzo ya wadogo zake, posa iliyokataliwa: hiyo ndiyo historia yenyewe.

Mnaweza kuuliza kwa nini mwalimu wa Vihiga asipande ndege akaja kusoma kama wengine. Mkenya anahitaji viza kuingia Ireland, na akitaka kuvuka kwenda Oxford kuiona sehemu nyingine ya barua za mtu yule yule, anahitaji viza ya pili ya Uingereza, ada ya pili, taarifa za benki za pili. Marekani ni ya tatu. Mwanamke aliyeandika kwa kupishanisha mistari ili shangazi yake asitozwe karatasi ya pili angeelewa ninachokisema. Na sisi Wakenya tuna kumbukumbu ya karibu. Mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London, ndipo Uingereza ilipokiri kwamba faili za kikoloni kutoka kwetu zilikuwa zimewekwa Hanslope Park, kituo cha serikali yake huko Uingereza, muda wote huo. Silinganishi barua za Edgeworth na faili hizo, wala ninyi na walioficha. Ninyi hamjaficha kitu. Nasema tu kwamba umbali kati ya karatasi na mtu anayeihitaji, sisi tunaujua.

Kwa upande wa vitendo: kaeni pamoja mkubaliane juu ya orodha moja ya barua zote, yenye tarehe, mwandishi, mwandikiwa na mahali ilipo, hata kabla ya picha. Palipo na jibu, paunganishwe. Palipo na pengo, paandikwe pengo. Picha ziwe huru kutumika darasani na kuchapishwa bila ada. Karatasi hizi zina karibu miaka 200. Na picha ziwe na toleo jepesi linalofunguka kwa bando la simu, maana wanafunzi wangu hawana kingine.

Kama hamwezi kuanza na zote, anzeni na za 1845 hadi 1849, zile za njaa, pamoja na majibu ya kamati ya Dublin. Za Maria kunakili ni rahisi kwa sababu baada ya 1840 posta ilishuka bei na mistari haipishani sana. Majibu ya Marafiki sijayaona, lakini mkiyaleta tutayanakili. Niko na walimu wenzangu wawili walio tayari, na mmoja wao anasoma mwandiko mbaya vizuri kuliko mfamasia.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa fasihi, Vihiga